Riwaya ya Upelelezi Inayofika Mwisho: Mwongozo Kamili kwa Anayekwama Katikati

Miswada ya riwaya za upelelezi ninayoletewa kusoma inafia mahali pamoja. Sura ya kwanza kuna maiti, ya pili anaingia mpelelezi mwenye koti refu, ya tano magari yanafukuzana Barabara ya Morogoro. Ikifika ya nane, mwandishi mwenyewe hajui tena nani kaua. Hapo ama anaacha, ama anamwibua muuaji ambaye msomaji hajawahi kukutana naye, na msomaji anafunga kitabu akijiona kadhulumiwa.

Wengi wa waandishi hawa wana kipaji. Kilichowaangusha ni mpangilio: wameanza upelelezi kabla kosa halijatendeka vichwani mwao. Mwongozo huu unageuza kazi. Utaanza na muuaji, utaandika kosa lake hadi mwisho, ndipo umwite mpelelezi.

## Andaa hivi kabla ya kuandika

- Madaftari mawili: moja la muuaji, la pili la mpelelezi. Usiyachanganye.
- Kalenda inayoonyesha mwandamo wa mwezi. Kama hadithi iko pwani, tafuta na jedwali la maji kujaa na kupwa.
- Ramani ya eneo, uliyoichora kwa mkono wako baada ya kupita hapo kwa miguu.
- Vipande vya karatasi ngumu, kimoja kwa kila tukio.
- Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 20), kama hadithi inatokea Tanzania Bara.
- Watu wawili wa kuwauliza: mmoja aliyewahi kufanya kazi ya polisi au mahakama, mwingine anayeijua kazi ya wahusika wako. Ukiandika kuhusu wavuvi, kaa na mvuvi.

Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, nacho ndicho kinachotenganisha riwaya yenye harufu ya mahali na ile ambayo ingeweza kutokea popote.

## Hatua ya 1: Andika kosa kwa jicho la muuaji

Fungua daftari la kwanza. Andika kurasa tatu au nne zisizo na askari hata mmoja. Muuaji alikuwa anataka nini? Nani alimzuia? Kwa nini siku ile na si wiki iliyotangulia? Alifanya nini dakika ya kwanza baada ya kuua?

Nitumie mfano mmoja hadi mwisho. Pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam kuna dalali wa samaki anayewakopesha wavuvi nyavu na mashine za boti. Anayekopa analazimika kumuuzia yeye tu, kwa bei anayoipanga yeye. Nahodha mmoja amekuwa akiuza samaki kwa mnunuzi mwingine huko huko baharini, kwa siri. Dalali amegundua, na kesho asubuhi anakwenda kung'oa mashine yake. Usiku huo, saa tatu, ndani ya banda la nyavu, wanagombana. Nahodha anampiga kichwani kwa chuma cha nanga.

Boti iko mchangani, maji yametoka. Hawezi kuisukuma peke yake. Anaufunika mwili kwa nyavu na kungoja. Maji yanaporudi usiku wa manane na kuinyanyua boti, anaupeleka mwili nje ya mwamba, na kabla ya alfajiri amerudi.

Angalia kilichotokea hapo. Sikuhitaji mpelelezi, na tayari nina sababu, silaha, saa kadhaa za hofu, na kitu ambacho nahodha hawezi kukitawala: bahari. Dalili nzuri hutoka hapo, kwenye kile ambacho muuaji alilazimika kukifuata.

Tahadhari: Usimuue mtu asiye na uso. Dalali huyu ana binti anayemsubiri na chai, ana daftari la madeni, ana wavuvi aliowalipia ada za watoto na wengine aliowanyonya. Kama kifo chake hakimwumizi yeyote kitabuni, hakitamwumiza msomaji, na kurasa mia tatu za kumtafuta muuaji zitakuwa mzigo.

Utajua umefaulu ukiweza kumsimulia rafiki kosa lote kwa dakika tano, naye asiulize "sasa kwa nini hakufanya vile?" Akiuliza, rudi ukajibu kwanza.

## Hatua ya 2: Jedwali la uongo

Chora jedwali. Kushoto andika majina ya wahusika wote wa karibu. Juu andika saa, kuanzia mchana wa tukio hadi mwili ulipopatikana. Jaza kila chumba: alikuwa wapi, na nani, aliona nini.

Kisha ongeza safu mbili: atadanganya nini, na kwa nini.

Kila mtu adanganye kitu. Binti wa dalali anaficha kwamba alikuwa na mchumba. Mlinzi wa soko anaficha kwamba alilala. Mnunuzi wa pili anaficha biashara ya magendo. Ni mmoja tu anayedanganya kuhusu mauaji, lakini mpelelezi hana njia ya kumtenga mpaka auchambue uongo wa wengine wote. Katikati ya riwaya panajazwa na kazi hiyo. Waandishi wanaokwama sura ya nane wanakwama kwa sababu kila mtu waliyemwandika anasema kweli isipokuwa muuaji, hivyo baada ya mahojiano manne hakuna kilichobaki.

Chumba kilichobaki wazi kwenye jedwali lako ni hatari. Ukishindwa kusema mlinzi alikuwa wapi saa nne usiku, msomaji atamshuku yeye, na atakuwa na haki.

## Hatua ya 3: Panda dalili mapema, uzifiche ndani ya kazi

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote.

Nahodha anapohojiwa anasema: "Saa tatu nilikuwa bado baharini. Nimerudi saa nne, nikaifunga boti kwenye ngazi za banda, nikashuka maji yakinifika magotini." Anatulia, sauti haitetemeki, na kuna mvuvi mwingine anayekubali kwamba asubuhi aliikuta boti imefungwa pale pale kwenye ngazi.

Uongo uko wapi? Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa nne ya usiku wa mwezi mpevu, ngazi za banda ziko mchangani pakavu na bahari iko mbali kabisa. Hakuna boti inayofika pale, wala maji ya kumfika mtu magotini.

Msomaji wa Bagamoyo, Tanga au Makunduchi anaweza kulitambua hilo mwenyewe, na furaha yake ya kulitambua ndiyo sababu ya kununua kitabu. Lakini lazima umpe vitu vitatu kabla mpelelezi hajatamka lolote:

Kwanza, asubuhi ya siku ya tukio, wanawake wanaonekana mbali wakiokota chaza kwenye mwamba, na mmoja anasema wameanza tangu saa tatu. Msomaji anadhani ni picha ya mandhari.

Pili, usiku ule binti anatoka nje kumtazamia baba yake, na mbalamwezi ni kali kiasi kwamba anaziona tundu za nyavu zilizoanikwa. Msomaji anadhani ni huzuni.

Tatu, maelezo ya nahodha yenyewe. Msomaji anadhani ni ushahidi wa kumwokoa.

Vitu vitatu, sura tatu tofauti, na kila kimoja kina kazi nyingine pale kilipo. Hiyo ndiyo kanuni: dalili isiwe imekaa bure mezani ikisubiri kuokotwa. Iwe inafanya kazi ya hisia, ya kuchekesha au ya ugomvi. Jicho la msomaji linafuata ugomvi, dalili inapita pembeni yake.

Dalili za kupotosha nazo ziwe na majibu ya kweli. Kama shati la mnunuzi lina damu, basi sura ya kumi na mbili ionyeshe ni damu ya papa waliyempasua kwa siri, na ugunduzi huo umpe mpelelezi kitu kipya. Damu ambayo haielezwi hadi mwisho ni deni usilolilipa.

Tahadhari kwa wanaotoa hadithi kwa vipande kwenye WhatsApp au mitandao mingine: usirushe kipande cha kwanza kabla rasimu nzima haijakamilika. Ukishakirusha huwezi kurudi kupanda mbalamwezi. Najua wafuasi wanadai "endelea" kila usiku, na kwa wengine ndiyo riziki. Hata hivyo hadithi ya upelelezi, kuliko aina nyingine yoyote, huandikwa kutoka mwisho kurudi mwanzo.

## Hatua ya 4: Mwili useme kweli

Mwili hukakamaa kuanzia taya na shingo, kwa kawaida saa 2 hadi 6 baada ya kifo, na hukakamaa wote zikipita kama saa 12. Baadaye hulegea tena. Joto huharakisha yote mawili. Mtu aliyekufa chini ya bati Temeke mwezi wa pili hafuati ratiba ya mtu aliyekufa Makete usiku wa baridi.

Mwili pia hupoa, lakini hapa waandishi wetu hunakili vitabu vya nchi za baridi. Chumba chenye nyuzi 32 hakiushushi mwili wenye nyuzi 37 haraka. Daktari wako asitaje dakika. Aseme "kati ya jua kuzama na usiku wa manane", nawe upate nafasi ya kucheza na wahusika wote waliokuwa macho saa hizo.

Damu hutuama upande uliolaliwa, na baada ya takriban saa 8 hadi 12 haihami tena hata mwili ukigeuzwa. Ni dalili tamu ya kuonyesha kwamba maiti imehamishwa. Katika mfano wetu sikuitumia: nahodha alikaa na mwili kwa muda usiotosha kwa daktari kusema kwa uhakika. Dalili isiyokaa sawa na saa zako iache, hata kama inapendeza.

## Hatua ya 5: Polisi na mahakama wafanye kazi yao

Msomaji aliyewahi kushinda kituoni akifuatilia ndugu yake anajua mengi kuliko unavyodhani. Tumia maneno yaliyoko huko: jalada, kielelezo, maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayoandikwa baada ya kuonywa), gwaride la utambulisho, hati ya ukamataji mali. Majeruhi hupewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Sampuli za vinasaba hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu hayaji jioni ile ile. Mkuu wa upelelezi wa wilaya ni OC-CID, wa mkoa ni RCO, na hakuna kati yao anayezunguka peke yake usiku na bastola kila sura.

Mambo machache ya Tanzania Bara yanayobadilisha mpango wa hadithi:

- Aliye chini ya ulinzi huhojiwa ndani ya saa 4 za msingi tangu akamatwe. Muda ukiongezwa, kuna utaratibu. Hiyo ni saa ya ukutani uliyopewa bure na sheria, itumie kumbana mpelelezi.
- Kitu kinachokamatwa kwenye upekuzi huandikiwa hati na kusainiwa, mashahidi wakiwepo. Kila anayekipokea kielelezo baada ya hapo lazima ajulikane. Chuma cha nanga kilichobebwa kwenye mfuko wa rambo na kuachwa juu ya kabati kitamponza mwendesha mashtaka.
- Kesi ya mauaji huanza kutajwa mahakama ya chini, ambako mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Husikilizwa Mahakama Kuu. Na shtaka la mauaji halina dhamana, kwa hiyo mtuhumiwa wako asionekane sura inayofuata akinywa soda Kariakoo.
- Laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa mwaka 2020. Jambazi wa leo anayenunua laini "isiyo na jina" dukani anahitaji maelezo: ni laini ya nani, na mwenyewe yuko wapi?

Ukiihamishia hadithi Mombasa, badilisha vyote hivi. Huko kuna DCI, idara ya upelelezi, taarifa huandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na sheria ni nyingine.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Usimalize riwaya kwa kipigo. Miswada mingi inafikia ukweli kwa kumning'iniza mtuhumiwa mpaka anataja. Mtu anayeteswa hutaja chochote ili mateso yaishe, ungamo la kulazimishwa halifai mahakamani, na sisi tunaoandika tunawazoesha wasomaji kuona mateso kama akili. Kama kipigo kipo katika dunia ya hadithi yako, kionyeshe kikiharibu kesi. Vilevile mganga anaweza kuwemo, kwa sababu wamo kijijini, lakini asiwe yeye anayetaja muuaji.

## Hatua ya 6: Sura zifuatane kwa maswali

Sasa fungua daftari la pili. Chukua zile karatasi ngumu, andika kwenye kila moja swali ambalo mpelelezi analo akiingia kwenye sura, na chini yake swali jipya analotoka nalo.

Anaingia na: nani wa mwisho kumwona dalali? Anatoka na: kwa nini daftari la madeni lina ukurasa uliochanwa? Karatasi isiyo na swali jipya, itupe au iunganishe na nyingine.

Katikati kabisa weka tukio linalovunja dhana ya kwanza. Hadi hapo wote wanaamini dalali alizama. Daktari anaposema kichwa kilipasuka kabla ya maji, kitabu kinaanza upya kikiwa na nguvu mpya. Panga karatasi zako sakafuni uzitazame zote kwa pamoja, ukianzia mwisho.

## Hatua ya 7: Rasimu, na maisha ya anayeandika

Wengi wetu tuna kazi nyingine. Mimi huandika alfajiri kabla nyumba haijaamka, kwa sababu jioni baada ya daladala kichwa hakina kitu cha kumpa mtu yeyote. Chagua saa yako uitetee, watu wa nyumbani waijue.

Maneno 500 kwa siku ni kurasa mbili hivi. Kwa siku 120 ni maneno 60,000, riwaya iliyokamilika. Anayengoja wikendi nzima ya utulivu hamalizi, maana wikendi ina harusi, msiba na kikao cha ukoo.

Acha kuandika ukiwa katikati ya mazungumzo unayoyajua yanakoelekea. Kesho utaanza bila kutafuta mlango.

Usirudi kusahihisha sura ya kwanza. Ukikumbuka dalili iliyosahaulika, iandike pembeni kwenye daftari ("sura ya 3: mbalamwezi") na uendelee kana kwamba ilikuwepo tangu mwanzo.

Kazi hii inakukalisha na vifo kwa miezi. Nikitoka kuongea na mtu aliyefiwa kwa mauaji, siandiki siku hiyo, na sichukui kisa chake. Nachukua vitu vidogo tu: kwamba simu ya marehemu iliendelea kuita, kwamba jirani alileta uji na hakuna aliyeunywa. Kisa halisi kina wenyewe, na wenyewe wanasoma Kiswahili.

## Hatua ya 8: Sura ya ufumbuzi

Usimkusanye kila mtu sebuleni asikilize hotuba ya kurasa thelathini. Mpelelezi wangu anampeleka nahodha pale bandani usiku wa mwezi kumi na nne mwezi unaofuata, saa nne, na kumwomba amwonyeshe jinsi alivyoifunga boti. Mchanga ni mkavu mpaka mbali. Nahodha anatazama ngazi, anatazama bahari ilipo, haongei. Aya kumi zinatosha.

Msomaji akifika hapo aweze kurudi nyuma na kuwaona wale wanawake wa chaza.

Utajua umefaulu wasomaji watano wa kwanza wakigawanyika: wawili wamegundua mapema kidogo, watatu wamekosa lakini wanakubali kwamba walipewa kila kitu. Wote watano wakigundua, ficha zaidi. Wote wakikosa na kukasirika, umewanyima kitu.

## Hatua ya 9: Kusoma upya na kutoa

Acha mswada kabatini mwezi mmoja. Kisha usome mara tatu, kila mara kwa kazi moja: saa na tarehe tu, ukilinganisha na jedwali; maneno ya kila mhusika tu, ukisoma kwa sauti; na mwisho, kutoka sura ya mwisho kurudi ya kwanza, ukiweka alama kila dalili inapoonekana.

Wape wasomaji ambao si marafiki wa kukusifia. Mmoja awe yule mvuvi. Muulize swali moja: "Wapi hukuamini?" Usijitetee, andika tu.

Ukichapisha mwenyewe Tanzania, namba ya ISBN huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na kazi unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukipeleka kwa mchapishaji, soma mkataba kifungu cha mrabaha (fungu lako katika mauzo) na cha haki za filamu kabla ya kusaini, na hakikisha umeandikwa muda ambao haki zitarudi kwako kitabu kikiisha sokoni. Daftari la muuaji usilitupe. Mhariri mzuri atakuuliza maswali ambayo majibu yake yamo humo tu.